Barua mbili mkononi: chuo cha umma au chuo binafsi Marekani kwa anayetaka kuandika habari za maandamano

Mpwa wangu amekubaliwa na vyuo vikuu viwili vya Marekani, kimoja cha umma, kingine binafsi. Nilidhani ataniuliza habari za ada au baridi. Sauti aliyonitumia WhatsApp ilikuwa na jambo jingine: "Shikamoo mjomba. Nataka kujiunga na gazeti la chuo. Wanafunzi wakiandamana, wapi wataniacha nifanye kazi yangu?"

Marahaba, mwanangu. Nipe siku mbili.

Haya ndiyo niliyomwandikia, nikayaongeza nyama kidogo kwa ajili ya wengine wenye barua mbili mkononi.

Kwanza, kisa cha Missouri

Tarehe 9 Novemba 2015, Chuo Kikuu cha Missouri, katika mji uitwao Columbia. (Usiuchanganye na Chuo Kikuu cha Columbia kilichopo New York, nacho zamu yake inakuja.) Wanafunzi weusi walikuwa wamelalamika muda mrefu kuhusu matusi ya kibaguzi na uongozi uliojifanya hausikii. Kundi lao lilijiita Concerned Student 1950, kwa kumbukumbu ya mwaka ambao chuo kilimpokea mwanafunzi mweusi kwa mara ya kwanza. Jonathan Butler alisusia chakula kuanzia tarehe 2. Tarehe 7 wachezaji weusi wa timu ya futiboli ya Kimarekani wakatangaza kwamba hawachezi mpaka rais wa chuo aondoke. Mechi iliyokuwa inafuata ilikuwa na fidia ya dola milioni 1 kama Missouri isingetokea uwanjani. Siku mbili baadaye rais, Tim Wolfe, akajiuzulu. Njaa ya mtu mmoja ilikuwa imevumiliwa siku saba. Timu ilipogoma, siku mbili zilitosha.

Sasa sogea kwenye uwanja wa majani uitwao Carnahan, palipokuwa na mahema ya waandamanaji. Wameshinda, wanalia na kukumbatiana, na wanahabari wamefurika. Wanafunzi wakashikana mikono, wakafanya duara kuzunguka mahema na kuzuia kamera zisipite. Aliyekuwa mbele yao ni Tim Tai, mwanafunzi mwenzao aliyetumwa na kituo cha michezo cha ESPN kupiga picha. Huku anasukumwa, aliwaeleza kwa sauti ya chini kwamba sheria inayowapa wao haki ya kusimama pale ndiyo inayompa yeye haki ya kupiga picha. Pembeni, mwanafunzi mwingine alikuwa anarekodi video. Mhadhiri wa mawasiliano, Melissa Click, akaipiga mkono kamera yake, kisha akaita watu wenye misuli waje wamsaidie kumtoa.

Video ile ilizunguka dunia. Click alishtakiwa kosa dogo la shambulio, akakubali saa 20 za kazi za kijamii, na Februari 2016 baraza la chuo likamfukuza. Chama cha maprofesa cha Marekani nacho kikakilaani chuo kwa kumfukuza bila kumsikiliza mbele ya jopo la wahadhiri wenzake. Yaani kila aliyehusika na kisa kile alimnyima mwenzake haki fulani kwa zamu yake.

Mimi siwaoni wale wanafunzi kuwa maadui wa uhuru wa habari. Mahema yalikuwa ndipo walipolala na kuombea mwenzao asife. Kamera nyingi zilikuja baada ya mpira kuguswa, na mtu aliyepuuzwa muda wote ule ana sababu ya kumtilia shaka mgeni anayefika siku ya ushindi. Lakini uwanja haukuwa sebule yao. Kesho yake wenyewe waliliona: wakashusha mabango ya kukataza wanahabari, wakagawa vipeperushi vya kuwakaribisha.

Kisa hiki nakiweka mbele kwa sababu moja. Tai angekuwa kwenye uwanja wa chuo binafsi, maneno yale yale yangekuwa na uzito mdogo sana.

Tofauti yenyewe

Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, yanayolinda uhuru wa kusema na wa habari, yanaifunga serikali. Chuo cha umma ni serikali, chuo binafsi si serikali. Watoto wetu wengi hufika huko wakiamini kwamba "Marekani kuna uhuru wa kusema" popote, kama hewa. Sivyo. Kwenye uwanja wa chuo cha umma wewe ni raia au mgeni ndani ya mali ya umma. Kwenye uwanja wa chuo binafsi wewe ni mpangaji, na mwenye nyumba ana masharti yake.

Kwa chuo cha umma, kamba ya kushika ni ndefu na imekwisha kujaribiwa. Mwaka 1972, katika kesi ya Healy, Mahakama ya Juu ilisema Katiba haipungui nguvu ikifika langoni mwa chuo. Mwaka uliofuata ikaja kesi ya Papish, na ilitoka Missouri hapo hapo: mwanafunzi wa uzamili katika uandishi wa habari alifukuzwa kwa kugawa gazeti lenye katuni ya polisi wakiibaka Sanamu ya Uhuru. Mahakama iliamuru arudishwe. Chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mtu kwa sababu ya fikra tu, hata ziwe chafu namna gani. Na Julai 2015, miezi minne kabla ya Tai kusukumwa, jimbo la Missouri lilikuwa limepitisha sheria inayofanya viwanja vya nje vya vyuo vyake vya umma kuwa mahali pa wazi kwa kila mwenye la kusema. Kijana yule alikuwa anaijua sheria kuliko mhadhiri.

Kuna faida nyingine isiyopigiwa debe: nyaraka. Chuo cha umma kiko chini ya sheria ya jimbo ya kutoa taarifa. Unaweza kuomba barua pepe za rais wa chuo na gharama za polisi walioitwa siku ya maandamano. Watachelewesha, watafuta mistari kwa wino mweusi, lakini wana wajibu wa kujibu. Chuo binafsi kitakujibu kikipenda.

Kwa chuo binafsi, cha kushika ni ahadi. Vingi vimeandika ahadi nzuri: Yale ina ripoti yake ya 1974 kuhusu uhuru wa kutoa maoni, Chicago ina tamko lake la 2015 ambalo vyuo vingi vimelinakili. Ahadi ni deni, wanasema wazee, na mahakama za majimbo kadhaa huichukulia kama mkataba kati yako na chuo. Ila deni la ahadi ni gumu kudai. Soma kitabu cha mwongozo wa wanafunzi kabla ya kulipa chochote. Vipo vyuo vya dini vinavyosema waziwazi kwamba gazeti ni la chuo na chuo ndicho kinachoamua. Hivyo angalau havikudanganyi.

California iko peke yake katika hili. Tangu 1992 ina Sheria ya Leonard, inayovikataza vyuo binafsi visivyo vya dini kumwadhibu mwanafunzi kwa maneno ambayo nje ya chuo yangelindwa na Katiba. Stanford ilishindwa mahakamani mwaka 1995 kwa sheria hiyo. Kwa hiyo kama barua yako ya binafsi imetoka California, nusu ya ulinganisho huu haikuhusu.

Karatasi ni kitu kimoja, usiku wa polisi ni kingine

Hapa nilimwambia mpwa wangu akae chini vizuri, maana ukiishia sehemu iliyotangulia utakimbilia chuo cha umma ukidhani umefika peponi.

Chuo Kikuu cha Texas, Austin, ni cha umma. Mwaka 2019 jimbo lilipitisha sheria ya kufungua viwanja vyake kwa kila mtu. Tarehe 24 Aprili 2024 wanafunzi waliandamana kwa ajili ya Gaza, polisi wa jimbo wakaingia, zaidi ya watu 50 wakakamatwa, na mpiga picha wa televisheni ya Fox 7 akaangushwa chini na kutiwa pingu. Mwanasheria wa kaunti alifuta mashtaka ya kuingia bila ruhusa kwa kukosa msingi. Ndiyo, yalifutwa. Lakini usiku wa rumande ulikuwa umekwisha kulalwa.

UCLA, chuo kilichopo Los Angeles, nacho ni cha umma. Usiku wa kuamkia 1 Mei 2024 kundi la watu lilivamia kambi ya wanafunzi, polisi wakachelewa kwa saa nyingi, na waandishi wanne wa gazeti la wanafunzi, Daily Bruin, wakashambuliwa. Katiba haizuii ngumi ya mtu binafsi gizani.

Halafu wapo wabunge. Chuo cha umma kinalishwa na mkono wa jimbo, na mkono huo hubadilika kila uchaguzi. Texas ilifunga ofisi za uanuwai, yaani zile za kuhudumia wanafunzi wa rangi na asili mbalimbali, kuanzia Januari 2024. Florida na Alabama nazo zina sheria za namna hiyo. Katika Chuo Kikuu cha Alabama kulikuwa na jarida la wanafunzi liitwalo Nineteen Fifty-Six, kwa heshima ya mwaka ambao Autherine Lucy aliingia chuoni kama mwanafunzi mweusi wa kwanza na kusimamishwa baada ya siku chache tu kwa sababu ya fujo za wazungu. Desemba 2025 chuo kilisimamisha jarida hilo pamoja na jingine la wanawake, kikitaja mwongozo wa serikali kuu dhidi ya programu za uanuwai. Kundi la Missouri lilichukua jina la 1950, jarida la Alabama likachukua 1956. Yote ni miaka ya mtu mweusi kufunguliwa mlango. Na hili la pili limezimwa katika chuo cha umma, kinachofungwa na Marekebisho ya Kwanza kuanzia paa hadi msingi.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni wa Chuo Kikuu cha Texas, Dallas. Gazeti la wanafunzi, The Mercury, liliandika kwa kina jinsi polisi walivyoivunja kambi ya Mei 2024. Septemba mhariri mkuu akaondolewa. Wenzake wakagoma, kisha wakaanzisha gazeti lao bila senti ya chuo, wakaliita The Retrograde. Mwaka 2025 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuzuia "shughuli za kujieleza" kampasini kuanzia saa nne usiku hadi saa mbili asubuhi. Hebu fikiri: gazeti linahaririwa saa ngapi? Vijana wa Retrograde walikuwa miongoni mwa waliofungua kesi, na Oktoba 2025 jaji akaizuia sheria hiyo kwa muda. Hapo unaona pande zote mbili za chuo cha umma: kilimwondoa mhariri, na ni kwa sababu ni cha umma ndipo wanafunzi wakapata pa kumshitakia.

Upande wa pili wa barabara

Columbia, New York, chuo binafsi. Kambi ya Gaza ilisimama 17 Aprili 2024. Kesho yake rais wake, Minouche Shafik, aliita polisi wa jiji, na zaidi ya watu 100 wakakamatwa. Usiku wa 30 Aprili polisi wakarudi kuwatoa walioteka jengo la Hamilton. Mageti yalikuwa yamefungwa kwa wasio na kitambulisho cha chuo, kwa hiyo wanahabari wakubwa wa jiji walibaki barabarani wakichungulia. Wenye mali wana haki hiyo.

Lakini angalia kilichotokea. Kwa kuwafungia nje wote, chuo kiliwaachia wanafunzi habari yote. Redio ya wanafunzi, WKCR, ilitangaza moja kwa moja usiku kucha, nchi nzima ikisikiliza vijana wanaohema huku wanakimbia. Columbia Daily Spectator, gazeti lililoanza 1877 na linalojitegemea kifedha, lilikuwa na watu ndani huku magazeti makubwa mengi yakiwa nje. Wanafunzi wa uandishi walisukumwa hadi Pulitzer Hall, jengo la shule yao ya uandishi, wakaambiwa wakitoka watakamatwa. Tarehe 2 Mei bodi ya tuzo za Pulitzer ikawasifu hadharani. Kwa hiyo chuo chenye masharti makali ya mwenye nyumba ndicho kilichozaa uandishi bora wa wanafunzi mwaka ule. Sikutegemea kuandika sentensi hiyo.

Dartmouth, binafsi pia, haikuwa na bahati hiyo: 1 Mei 2024 waandishi wawili wa gazeti la wanafunzi walikamatwa katikati ya kazi wakiwa wamejitambulisha, na mashtaka yakafutwa siku chache baadaye. Stanford, mwanafunzi mwandishi aliyewafuata waandamanaji ndani ya ofisi ya rais Juni 2024 aliishi na tishio la kesi hadi Machi 2025, mwendesha mashtaka aliposema hamshitaki.

Usidhani pia kwamba chuo binafsi hakiguswi na serikali. Machi 2025 Columbia ilinyimwa ruzuku za dola milioni 400, na Julai ikakubali kulipa zaidi ya milioni 200 ili mambo yaishe. Tofauti na Texas ni aina ya shinikizo tu.

Jambo moja ni sawa kwa wote, na linatokana na picha za maandamano. Aprili 1971 polisi walipekua ofisi ya Stanford Daily wakitafuta picha za vurugu za hospitali ya chuo. Gazeti lilishindwa katika Mahakama ya Juu mwaka 1978, ila bunge la nchi likaona aibu, likapitisha sheria ya 1980 inayozuia polisi, isipokuwa katika hali chache, kupekua vyumba vya habari. Inamlinda mwandishi wa chuo chochote. Na la kinyume pia ni sawa kwa wote: kulala kwenye hema si haki. Mahakama ilisema mwaka 1984 kwamba serikali inaweza kukataza kulala katika bustani za Washington hata kama ni maandamano. Ukiandika habari za kambi, jua kwamba wewe unalindwa kuliko hema.

Kwa mwenye viza

Hapa ulinganisho unalegea. Rümeysa Öztürk, raia wa Uturuki, alikuwa anasoma shahada ya uzamivu Tufts, chuo binafsi. Machi 2024 aliandika na wenzake watatu makala ya maoni katika The Tufts Daily. Mwaka mmoja baadaye, 25 Machi 2025, maafisa wa uhamiaji wa serikali kuu waliofunika nyuso walimkamata barabarani, akapelekwa Louisiana, na akakaa kizuizini zaidi ya wiki sita kabla ya jaji kuamuru aachiwe. Chuo chenyewe kilisema mahakamani kwamba makala yake haikuvunja kanuni yoyote. Ahadi ya mwenye nyumba ilitimizwa. Aliyemkamata hakuwa mwenye nyumba.

Septemba 2025 jaji William Young wa Boston aliamua kwamba mgeni aliye nchini kihalali ana haki ya kusema sawa na raia, serikali imepinga. Mwanafunzi mwenye F-1, yaani viza ya masomo, kutoka Dar au Mombasa asikae kimya kwa hofu, lakini afahamu kwamba makala ya maoni yenye jina lake na ripoti ya tukio aliyoiandika kama mwandishi si mizigo ya uzito mmoja. Ningemwambia wa mwaka wa kwanza aanze na ripoti.

Ningechaguaje

Anayetaka kuandamana mwenyewe, hana viza ya kuchungwa, na anaijua sheria: chuo cha umma, na atazame sheria ya jimbo kabla ya kutazama picha za majengo. Anayetafuta ofisi na vyama vya kumpokea kama mwanafunzi mweusi: kwa sasa vyuo vingi binafsi, au vya umma katika majimbo ambayo hayajavifunga.

Kwa mwandishi, nimefika mahali ambapo sikutarajia. Umma au binafsi ni swali la pili. La kwanza ni gazeti lina fedha za nani. Independent Florida Alligator liliondoka chuoni mwaka 1973 baada ya ugomvi wa kuchapisha anwani za kliniki za kutoa mimba, na bado linachapishwa. Daily Californian la Berkeley linajitegemea tangu 1971. Hayo yote ni ya vyuo vya umma, na Spectator ni la binafsi. Indiana, chuo cha umma, Oktoba 2025 kilimfukuza msimamizi wa gazeti la wanafunzi na kusimamisha toleo la karatasi kwa kuwa kilikuwa na uwezo huo. Kelele zikapigwa, kikarudi nyuma kuhusu karatasi. Gazeti linalolipiwa na chuo linaweza kushinda kesi, lakini hadi hukumu itoke wewe umeshahitimu.

Kwa hiyo nilimwambia: usiandikie ofisi ya udahili. Waandikie wahariri wa magazeti yote mawili. Waulize nani analipa kiwanda cha uchapaji, nani anateua mhariri, ofisi iko ndani ya jengo la chuo au nje, na siku ya maandamano mwandishi wao anavaa kitambulisho gani. Waulize kama wana namba ya Student Press Law Center, shirika lililo na mawakili wa bure kwa waandishi wanafunzi tangu 1974. Gazeti lisiloijua namba hiyo halijawahi kuandika kitu cha kumkasirisha mtu.

Alituma barua pepe zote mbili Jumatatu. Gazeti moja lilimjibu usiku huo huo, ukurasa mzima, na mwishoni mhariri akamuuliza kama anajua kupiga picha. La pili limempa anwani ya msemaji wa chuo.